Granola ya Nyumbani: Mbona Inalainika?

Barua nyingi za safari hii kutoka Arusha na Moshi zinahusu granola, ile oti iliyookwa na karanga, mbegu na asali, inayoliwa asubuhi kwa maziwa au mtindi. Tumechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Habari za kazi, jikoni. Kila Jumamosi natengeneza granola ya watoto ya wiki nzima. Ikipoa inakuwa kavu kabisa, ila ikifika Jumanne imelegea kama mkate wa juzi. Asali natumia ya nyuki wadogo kwa sababu ndiyo inayosifiwa. Nakosea wapi?
*Mama wa watoto watatu, Njiro, Arusha*

Nzuri, mama. Tuanze na asali yenyewe. Asali ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu kwa sababu ina maji mengi, mara nyingi robo ya uzito wake au hata zaidi. Ya nyuki wakubwa, ikivunwa imeiva, kwa kawaida maji yake hayafiki asilimia 20. Kutengeneza granola ni kazi ya kukausha, kwa hiyo kila tone la maji unaloongeza mwanzoni itabidi ulitoe baadaye. Hiyo ya nyuki wadogo iwekee uji.

Vipimo tunavyovipendekeza ni hivi: oti bapa gramu 500 (zile nzima, si za kuiva dakika moja, maana hizo zinageuka vumbi), karanga au korosho zilizokatwakatwa gramu 150, mbegu za maboga na ufuta jumla gramu 100, mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 5, asali vijiko vikubwa 7, ambavyo ni kama gramu 150, mdalasini wa unga vijiko vidogo 2, na chumvi robo tatu ya kijiko kidogo. Chumvi usiiache, bila chumvi utajikuta unaongeza asali kutafuta ladha.

Pasha asali, mafuta na chumvi pamoja mpaka viwe vyepesi vya kumiminika. Asali ya baridi hushika oti chache na kuziacha nyingine kavu, nazo zile kavu ndizo zinazoungua kwanza. Changanya mpaka usione oti nyeupe. Tandaza kwenye trei mbili, unene usizidi sentimita moja na nusu. Trei moja iliyojaa hupika tabaka la chini kwa mvuke: juu panakuwa kahawia, chini pamebaki mbichi, na hapo ndipo kulegea kwa Jumanne kunapoanzia.

Oka kwa nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika 35 hadi 40. Geuza dakika ya 15 na ya 25, ukisukuma ya pembeni ije katikati. Kila unapogeuza, acha mlango wazi sekunde chache mvuke utoke. Ikifika rangi ya chai ya maziwa, zima. Usingoje ikauke ndani ya oveni, kwa sababu granola ya moto huwa laini hata ikiwa imeiva. Ugumu huja asali inapopoa. Kupima, weka kijiko kimoja kwenye sahani, subiri dakika tatu, kisha tafuna. Isipolia mdomoni, rudisha trei kwa dakika tano.

Halafu iache ipoe saa nzima kabla ya kuifungia. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Ukiifunika ikiwa na joto, mvuke unagandia kwenye mfuniko na kudondokea ndani. Isitoshe, asali huvuta unyevu wa hewani, na Arusha wakati wa masika au kwenye ukungu wa Juni na Julai unyevu haukosekani. Gawa kwenye chupa mbili: kubwa ikae imefungwa, ndogo ndiyo ifunguliwe kila asubuhi. Iliyokwisha kulegea irudishe kwenye oveni kwa nyuzi 130, dakika 10, ipoe tena.

Shikamooni. Sina oveni. Nimejaribu kwenye sufuria yenye mkaa juu na chini kama ninavyooka keki, ikatoka kama bokoboko lenye harufu ya moshi. Kuna njia?
*Binti wa Pasua, Moshi*

Marahaba, binti. Sufuria iliyofunikwa inaifaa keki kwa sababu keki inauhitaji mvuke ule. Granola inaukimbia. Tumia kikaango kizito kisichofunikwa, na mkaa uliokwisha kushika majivu meupe, usio na moshi.

Kaanga oti kavu kwanza, gramu 250 kwa mara moja, dakika 8 hadi 10 huku ukikoroga, mpaka zinukie. Zitoe. Kaanga karanga peke yake, kisha ufuta dakika mbili tu. Ukianza kurukaruka, uepue. Sasa weka asali na nusu ya mafuta kwenye kikaango hichohicho, viache vichemke dakika mbili mpaka povu liwe zito. Rudisha kila kitu, koroga dakika nne au tano kwa moto mdogo, kisha mwaga kwenye sinia pana na ukandamize kwa mgongo wa mwiko. Ikipoa, vunja. Utapata vibonge vizuri kuliko vya oveni nyingi, kwa sababu asali imekwisha kupoteza maji kabla ya kukutana na oti.

Nikiweka zabibu kavu na nazi, zabibu zinakuwa kokoto na nazi inaungua kabla oti hazijaiva. Niziache?
*Msomaji wa Usa River*

Usiziache, badili tu wakati wa kuziweka. Matunda makavu yote, iwe zabibu, ndizi, embe au nanasi, huingia granola ikiwa imepoa. Tena, laini kama embe yaweke kwenye kopo lake na uyaongeze bakulini, la sivyo yatazipa oti unyevu wake. Nazi kavu ya pakiti huingia dakika 10 za mwisho. Nazi mbichi ya kukuna karibu nusu yake ni maji. Ikaange peke yake mpaka ikauke ndipo uichanganye.

Nyumbani tuna mtoto wa miezi tisa, wa miaka mitatu, na bibi mwenye kisukari. Wote wanaweza kula granola moja?
*Baba wa familia, Marangu*

Hapana, baba, na wa kwanza kuzuiwa ni huyo mdogo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali kabisa, hata iliyookwa. Asali inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wanaotoa sumu ya kulegeza misuli, na joto la oveni ya nyumbani haliviui. Mpikie uji wa oti zisizo na asali.

Wa miaka mitatu anaweza kupaliwa na karanga nzima, hata na korosho nzima. Zake zisage ziwe chenga ndogo, granola ilowe kwenye maziwa dakika kumi, na ale akiwa ameketi.

Kwa bibi, hesabu ni hii: vipimo vyetu hutoa sehemu kama 18 za gramu 50, na kila sehemu hubeba karibu gramu 7 za sukari ya asali, yaani kijiko kidogo kimoja na nusu. Mtengenezee yake kwa vijiko vikubwa 3 vya asali, bila zabibu, mbegu ziwe nyingi zaidi. Haitashikana vibonge, lakini ladha itakuwepo. Oti nazo ni wanga, kwa hiyo kipimo cha bakuli lake kipangwe na wahudumu wa kliniki yake.

Karanga za sokoni zikiwa na ukungu kidogo, kukaanga si kunatosha? Na granola yangu baada ya mwezi inanuka kama rangi ya mafuta.
*Msomaji wa Majengo, Moshi*

Hakutoshi. Ukungu wa karanga na mahindi unaweza kuacha sumukuvu, na joto la kukaangia haliiondoi. Vifo vya mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara vilihusishwa na sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Chambua karanga zako mkononi kabla ya kuzikata: zilizosinyaa, zenye doa jeusi au kijani, na zenye ladha chungu tupa, wala kuku usiwape.

Hiyo harufu ya rangi ni mafuta ya karanga na mbegu yaliyochacha kwa joto, mwanga na hewa. Moshi kuna joto kuliko Arusha, kwa hiyo usiiweke kwenye rafu ya juu ya jiko. Tengeneza ya wiki mbili tu. Karanga na mbegu zilizobaki zihifadhi mbichi kwenye friza, na uzitoe saa moja kabla ya kuoka ili zisiingie kwenye asali zikiwa na umande.