Pizza na aliyekupakulia

Kwako binti yangu Zainabu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako goti bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini kuhamia chumba cha chini hataki, na mimi nimechoka kusema. Ujumbe wako niliusikiliza peke yangu kwanza, kisha tukausikiliza pamoja, akacheka mpaka akaomba maji.

Unauliza kwa nini watu wazima, wauguzi wenye akili zao, wananuniana wiki nzima kwa sababu ya pizza. Unasema mliagiziwa ile nene ya Chicago kazini, yule mwenzako wa New York akaitazama akasema hii si pizza, ni mchuzi uliomwagiwa mkate. Yule mwenyeji naye akamjibu kwamba ya New York ni karatasi iliyopakwa mafuta. Wewe ukacheka, na wote wawili wakakugeukia. Pole. Kwenye ugomvi wa chakula anayecheka ndiye anayechukiwa na pande zote.

Hilo la kwa nini wanapandwa na hamaki ni jepesi. Mtu hagombanii chakula, anagombania aliyempakulia. Nimelisema hili tangu uko skuli, na najua wewe na kaka yako mlikuwa mkiniigiza nyuma ya mlango. Lililonikaa mimi ni lile neno la huyo wa New York: "hii si pizza." Kusema sipendi ni haki yake. Kusema si yenyewe, hayo mamlaka kayapata wapi?

Ukitafuta mwenye mamlaka utaambiwa nenda Napoli, mji wa Italia ilikozaliwa pizza. Na kweli Napoli wamejipanga. Wana chama chao tangu 1984, na kanuni zimeandikwa: duara lisizidi sentimita 35, tanuri la asili ni la kuni, moto ukaribie nyuzi 480, pizza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Mwaka 2017 UNESCO ikauingiza ufundi wa wapishi wao katika orodha ya turathi za binadamu. Nani abishane na UNESCO? Lakini hebu jiulize, kilikuwa chakula cha nani? Cha maskini wa mji mmoja wa bandari, kikiuzwa barabarani kwa watu ambao wengine hata jiko nyumbani hawana. Waitaliano wengi wa kaskazini walikuwa hawajakitia mdomoni mpaka Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha. Wakati huo watu wa New York walikuwa wanakula pizza zao kwa miaka arubaini. Sasa nani mkubwa hapo na nani mdogo?

Nilipokuwa melini tulikuwa na injinia wa pili, Mnapoli, yule ninayewasimulia siku zote, aliyenifundisha kukaanga bilingani. Tuliteremsha chumvi New Haven, ile ya kumwaga barabarani wakati wa theluji. Baridi ilikuwa inauma mpaka kwenye meno. Akaniambia twende mtaa wa Wooster, kuna Waitaliano wenzangu. Nikadhani ana hamu ya kwao. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kugombana naye.

Huo mtaa umejaa pizza tangu zamani. Frank Pepe alifungua mkahawa wake 1925, na mwaka 1938 ukoo huo huo ukazaa Sally's, wa mpwa wake, mwendo wa hatua chache. Sisi tuliingia upi sitakwambia. Mpaka leo kuna watu wa mji ule wanaopanga foleni huku na wanaapa kule hawakanyagi, na sitaki barua yangu iingizwe humo.

Pizza ya New Haven haijali umbo. Huletwa juu ya sinia yenye karatasi, imevutika huku na kule, si duara, si mraba. Moto wao ni wa makaa ya mawe, basi kingo hutoka zimebabuka, nyeusi kabisa mahali pengine. Na ukisema pizza tu, utaletewa nyanya na jibini kavu la kuparwa. Mozzarella, lile jibini laini la kuvutika, mpaka uitaje. Mimi kwa kuogopa nguruwe niliagiza ya kombe. Nyama ya kombe, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, oregano na jibini la kuparwa, nyanya hamna. Mtoto wa Kibokoni, Mombasa, anayejua kombe za kuokotwa maji yakitoka, nikala mkate wa kombe kwa vidole vilivyoganda. Subhanallah.

Injinia akainua kipande chake, akakipindua, akaonyesha weusi wa chini. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka meza zote zimsikie, kwamba hii imeungua na hii si pizza.

Meza ya pili alikuwepo mzee wa makamo ya babu yako, kavaa koti la kazi. Akamjibu kwa Kinapoli. Injinia akaangua kicheko, akamwambia unaongea kama marehemu bibi yangu. Maana mzee alizaliwa pale pale New Haven, na lugha aliyokuwa nayo ni ile waliyokuja nayo wazazi wake, haijabadilika tangu waishuke meli. Hapo wakahamia Kiingereza na mimi nikaanza kufaidi. Injinia akasema: wazazi wako waliikimbia njaa, hata hiyo pizza ya kwetu hawakuwa na pesa ya kuinunua, sasa nyinyi mnajifanya walimu? Ukumbi ukanyamaza. Mimi nikaanza kutafuta kofia yangu.

Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Kweli, waliondoka na njaa. Na hii ndiyo waliyoshibia." Akarudi kula.

Wallahi, Zainabu, mpaka leo nikilikumbuka neno lile nafurahi kana kwamba nimelisema mimi. Injinia hakutamka kitu njia nzima kurudi bandarini. Na vipande vilivyobaki alivibeba yeye.

Basi ukimtazama huyo mwenzako wa New York, usiitazame pizza. Kati ya 1880 na 1920 Waitaliano zaidi ya milioni nne waliingia Marekani, wengi wao watu wa kusini, wakapika kwa walichokikuta. Gennaro Lombardi, anayetajwa kuwa alifungua duka lake la pizza mwaka 1905 pale New York, alikuta makaa ya mawe. Baadaye yakaja majiko ya gesi, moto wake mpole zaidi, pizza ikatoka imara, ikawezekana kukatwa, kukaa, kupashwa moto na kuuzwa kipande kipande. Mtu anakikunja anakula huku anatembea. Ndiyo maana Januari 2014 meya wao, Bill de Blasio, alipokula pizza kwa uma, mji mzima ulimcheka na magazeti yakaandika. Kwa uma! Sisi tunamwona mtu mstaarabu, wao wanamwona amewakana.

Detroit nao, tangu 1946, pizza yao ni ya pembe nne kwa sababu iliokwa katika sinia za chuma za viwanda vya magari, zile za kuwekea vipuri. Jibini hufikishwa mpaka ukingoni ili liungulie pale kwenye chuma, na watu hugombania vipande vya pembeni. Viwanda vingi vimefungwa, sinia zimebaki. Mtu wa Detroit ukiicheka pizza yake umemcheka baba yake aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kufunga milango ya magari.

Hiyo ya kwenu ya Chicago ni ya mwaka 1943, Pizzeria Uno. Ina kina, jibini hukaa chini na nyanya juu, kwa sababu inakaa jikoni nusu saa na zaidi, na jibini ikikaa juu kwa muda huo itaungua. Ina akili yake. Lakini si ulinihadithia mwenyewe kwamba jirani yako, mzaliwa wa South Side, kusini mwa mji huo, hali hiyo nene mpaka aje mgeni? Kwamba yeye na watu wake hula ile nyembamba ya baa, inayokatwa miraba midogo ya kushika na bia? Basi huyo muuguzi wa Chicago anatetea chakula anachowapikia wageni. Hilo nalo lina heshima yake. Sisi je, biriani tunakula Jumanne?

Najua unachotaka kusema. Utasema, baba, mbona wewe hukuwa na hekima hii kule Forodhani, Zanzibar?

Sikuwa nayo. Mjomba wako alitupeleka baada ya magharibi, karamu yake, nashukuru. Tukasimama mbele ya meza ya yule kijana wa Zanzibar pizza. Nilimtazama kwa makini: donge la unga akalitandaza kwa viganja vya mafuta mpaka likawa jembamba la kupenya mwanga, akaweka kiduara kingine kidogo katikati, kima, vitunguu, pilipili hoho, nyanya, jibini, akakamua mayonezi, akavunja yai juu yake, akavuruga, akakunja pande nne, chumani. Mikono mizuri. Nikasema, kwa nia njema kabisa, kwamba hii ni mkate mayai wa kwetu Mombasa, ila umeongezwa mayonezi. Mjomba wako akasema hapana shemeji, nyinyi ndio mmeiga kwetu, mkashindwa, mkaishia kwenye yai.

Mkaishia kwenye yai! Mkate mayai ambao mama yangu akiuandaa siku za Ramadhani, kima kimekaangwa mpaka kikakauka, kotmiri na pilipili mbichi, pembe zimekunjwa sawasawa utadhani kapima kwa rula. Na anayeniambia nimeiga amesimama chini ya kibao chenye jina la Kitaliano. Nilimweleza kwamba wote wawili baba yao mmoja, ni mutabaki, Yemen ipo, Ghuba ipo, na Singapore wanaiita murtabak na nimeila huko. Nilieleza kwa utaratibu. Mama yako anasema nilipiga kelele.

Lakini si maneno ya mjomba wako yaliyonichoma. Mama yako alicheka. Alicheka na kaka yake, kicheko chao cha utotoni, cha nyumba ambayo mimi sikukulia. Wewe ulikuwa umeshughulika na ya ndizi na chokoleti, ile isiyo ya Yemen wala ya Italia wala ya mtu yeyote, uso mzima umepaka, na nilipokuuliza ipi tamu zaidi ukasema hii. Hukunisaidia.

Kwa hiyo ndiyo, mtu hagombanii chakula, anagombania aliyempakulia. Ila nikilitazama vizuri hili neno langu lina tundu. Yule wa New York hakupakuliwa na mama yake. Alinunua kipande dirishani akitoka skuli, kwa mtu asiyemjua jina. Nimejijibu kwamba mtaa nao hupakua. Haya. Na nanasi je? Nanasi juu ya pizza liliwekwa na Sam Panopoulos, Mgiriki, huko Chatham, Kanada, mwaka 1962, kwa kujaribu tu. Hakuna bibi wala mtaa aliyevunjiwa heshima. Hata hivyo mwaka 2017 rais wa Iceland aliwaambia wanafunzi kwamba angeweza angelipiga marufuku, na dunia ikabishana kwa siku kadhaa. Ikambidi aeleze kwamba hana mamlaka hayo na wala hayataki. Hapo aliyempakulia nani? Labda kuna watu hawana wa kumgombania, basi wanaazima ugomvi ili wasikae pweke. Sijaridhika na jibu hili. Nitalifikiri.

Huyo mwenzako lakini usimwogope. Muulize alikuwa akinunua wapi alipokuwa mdogo, na nani alikuwa akimpa pesa. Ukiuliza hivyo hatakunja uso tena, atazungumza nawe mpaka zamu iishe. Yule wa Chicago naye muulize hivyo hivyo, lakini siku nyingine.

Ulitaka pia nikwambie ipi iliyo bora. Sitakwambia. Una wenzako wa kuishi nao, na baba anayetoa hukumu kutoka Mombasa hatakusaidia jikoni kwa watu. Nina jibu, na nimelila, na lilikuwa limebabuka kingo na halikuwa na nyanya. Lakini kusema ni hukumu, na mimi nimekataa kuhukumu.

Mama yako amesoma mpaka hapa, na anataka niongeze kwamba mayonezi haina kosa lolote na kwamba mjomba wako alikuwa sahihi. Nimemwambia barua hii ni yangu, kama ana la kusema achukue simu yake. Ameichukua, kwa hiyo ukipata ujumbe mrefu wa sauti usiku huu, ujue ni wa nani, na usimjibu kabla hujanisikia mimi.

Baba yako