Usimlipe huyo jamaa wa strimu laki moja

Mwanangu,

Meseji yako ya usiku wa manane nimeiona asubuhi. Unauliza, "Mama, kuna jamaa anataka nimlipe anipe strimu laki moja ndani ya wiki, nimlipe? Na nisipomlipa nifanyeje watu wajue nimetoa wimbo?" Usimlipe. Hilo la kwanza nimeshajibu na hata chai sijanywa.

Sasa sikia sababu, maana we ukikatazwa tu huwa unafanya kimyakimya. Hizo strimu hakuna mtu anayesikiliza, ni programu zimewashwa zinacheza wimbo wako usiku kucha, na Spotify, ile app ya kusikilizia muziki, siku hizi wanazikamata, wanazitoa kwenye hesabu, hazilipwi, na tangu 2024 wimbo ukikutwa karibu strimu zake zote ni feki wanamtoza faini msambazaji, yule anayekupandishia wimbo huko, sasa unadhani msambazaji atakuacha? Ataikata kwako au ataushusha wimbo. Halafu kuna hasara nyingine watu hawaisemi. Ule mfumo wao wa kupendekezea watu nyimbo unaangalia wanaokusikiliza wewe wanamsikiliza na nani mwingine, hapo ndo mfumo unajua wimbo wako umpelekee nani. Kama wasikilizaji wako ni mashine zinazocheza kila kitu, mfumo utampelekea nani?

Na usidhani nakuhubiria baba, mi mwenyewe nilishaingia mkenge. Enzi zetu nilimpa mtangazaji mmoja bahasha atupigie wimbo redioni, akaupiga mara mbili, saa ambazo hata mlinzi amelala. Kilichotuuzia kaseti ni lile daftari langu la bluu. Kila aliyenunua baada ya shoo niliandika jina lake na namna ya kumpata, shoo ikikaribia tunawatafuta mmoja mmoja, na wanakuja na wenzao. Baba yako alikuwa ananicheka eti nakopesha watu.

Daftari lako wewe ni imeli na namba za simu. Folowazi si wako, ni wa mwenye mtandao. Kulikuwa na Myspace, we ulikuwa mdogo, wanamuziki wote walikuwa huko, 2019 wakatangaza kwamba nyimbo walizopandisha watu kwa miaka kama 12 zimepotea wakati wanahamisha seva. Basi, pole. Kwahiyo kila shoo, hata ya watu ishirini, usiondoke bila namba, na ukiwaandikia waandikie kama watu, sio "wimbo mpya uko hewani gusa linki" kila siku mpaka wakubloku.

Na huo wimbo usiuachie Ijumaa hii kwa pupa. Ukishaupeleka kwa msambazaji, kuna sehemu ndani ya Spotify for Artists, ile ya wasanii, unawapendekezea wimbo wahariri wa pleilisti, wale wanaopanga orodha za nyimbo, ila ni kabla haujatoka, ukishatoka mlango umefungwa. Ukiwahi angalau siku 7 unaingia pia kwenye Release Radar za wanaokufuata, zile pleilisti za nyimbo mpya Spotify wanazomtengenezea kila mtu. Mi ningejipa wiki nne. Wiki hizo toa klipu, tena sio moja, kata kile kipande cha kiitikio uimbe jikoni, uimbe na gitaa, onyesha mlivyokosea studio mkacheka, wimbo mmoja unaweza kukupa klipu kumi na watu hawachoki kama unavyofikiri, wengi hata ya kwanza hawakuiona.

Mambo ya makaratasi nayajua hupendi so nasema haraka: mgao wa pesa na produza uandikwe kabla ya wimbo kutoka, na jina lako liandikwe vilevile kila mahali.

Hesabu ndo hii. Tangu huohuo 2024, Spotify hawalipi wimbo ambao haujafika strimu 1,000 ndani ya miezi 12. Watu 100 wanaokupenda kweli wakisikiliza mara kumi kumi umefika, na hao 100 ndo watakuja kwenye shoo. Mashine hainunui tiketi.

Daftari la bluu bado lipo kabatini. Wengine wameshatangulia, namba nyingi hazipatikani, ila wapo kama kumi na tano bado wananipigia sikukuu. Ukishapata tarehe niambie nianze kuwapigia.

Mama yako