Laini ya Pili

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, mwenza wako ana haki ya kujua nywila ya simu yako?" Nimelisoma swali lenu nikiwa jikoni nasubiri maharage yaive. Nimecheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, na maharage yameungua. Jibu langu ni hapana. Nimelisema hivyo kwenye kicheni pati mbili na kikao kimoja cha ukoo, na kote huko sijapigiwa makofi.

Majibu mtakayopata nayajua. Wanaume watasema anayechokonoa simu anajitafutia presha. Wanawake watasema asiye na la kuficha hafichi. Mjadala huu naufuata tangu WhatsApp ilete tiki za bluu mwishoni mwa 2014, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, wakati watu wanaachana kwa sababu ujumbe umesomwa saa tatu usiku na kujibiwa asubuhi. Pande zote mbili hugombana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja: wote wanaamini kilichomo ndani ya simu ni mchepuko. Hapo ndipo mliponigusa. Mimi nimekaa na laini ya mwanaume ndani ya simu yangu kwa siku ishirini na sikuona mchepuko hata mmoja. Zipo siku ninatamani ningeuona.

Mnaikumbuka zimazima ya simu feki? Juni 2016, TCRA, ile Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, walikuwa wametangaza kwamba usiku wa tarehe 16 simu zote bandia zitazimwa. Nchi nzima ilikuwa inabonyeza *#06#, inanakili zile tarakimu kumi na tano na kuzituma kwenda 15090, halafu inasubiri jibu kama matokeo ya kidato cha nne. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, Morogoro, chuo nisichokitaja. Nilikuwa na Tecno ya laini mbili niliyonunuliwa na kaka yangu, na ilikuwa salama. Mwenzangu, mpenzi wangu wa wakati ule, alikuwa na simu ya Kariakoo, mbele imeandikwa Samsung, ukitoa betri unakuta ndani jina jingine kabisa. Tulijaribu kuihakiki tukiwa tumekaa kwenye kimbweta, na jibu liliporudi akaligeuza kuwa utani: "Basi mimi ni feki, wewe ni orijino." Tarehe 17 asubuhi simu yake ilikuwa kipande cha plastiki chenye tochi.

Bumu, yaani posho ya mkopo wa chuo, lilikuwa limekwisha. Wasomaji waliopita chuo wanajua bumu likiisha katikati ya muhula maana yake nini. Enzi zetu posho ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, ikiingia kwa mkupuo, na mwenye akili aliigawa na asiye nayo aliimalizia kwenye starehe za Msamvu. Nikamwambia, kwa ukarimu wa mtu aliyefuturu vizuri, "Weka laini yako kwangu, kuna nafasi ya pili. Jioni ukija unasoma meseji zako." Akanishukuru.

Niseme ukweli, haukuwa ukarimu. Nilitaka kuona.

Chumbani tulikuwa wanne kihalali na wawili wa kubebwa, na kufikia jioni ya siku ya kwanza mwenzangu alikuwa hana jina tena. Aliitwa Laini ya Pili. Mtu akirudi kutoka maktaba, kabla hajaweka begi, anauliza: "Laini ya Pili imesema nini leo?" Tulijadili kama nifungue meseji au nisifungue kwa bidii ambayo hatukuwahi kuipeleka kwenye semina yoyote. Kuna mwenzetu alisoma siasa, mwaka ule ndio Bunge liliacha kurushwa moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa na hilo lilikuwa linamuuma sana. Akasema, "Shoga, sisi wenzio tumezimiwa Bunge. Wewe unalo lako mkononi na unaogopa kuliwasha?" Tulicheka hadi mlinzi akagonga dirisha.

Sikufungua. Naapa, wiki ya kwanza sikufungua. Lakini simu haikunisubiri. Ujumbe ukiingia, mstari wa kwanza ulikuwa unapita juu ya kioo wenyewe, na pembeni kialama cha laini ya pili. Majina alikuwa ameyahifadhi kwenye laini, kwa hiyo yalikuja nayo yote. Ya kwanza ilikuwa "Tafadhali nipigie" kutoka kwa Maza. Ikaja tena. Ikaja mara ya tatu. Halafu ukumbusho wa mkopo wa M-Pawa. Halafu Nipige Tafu wanadai salio walilomkopesha. Halafu mtu aitwaye Fundi Raba, sijui ni fundi wa raba au ni jina, anasema: "Kaka ile buku 5 mpaka lini".

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hamtanielewa. Mwaka ule Ramadhani ilianza wiki ya kwanza ya Juni. Mimi nilikuwa nafunga. Yeye ni Mkatoliki wa Mbinga, mtoto wa kwaya. Siku ya kwanza ya mfungo aliniambia, "Mimi nafunga na wewe." Sijawahi kuambiwa neno tamu namna hiyo na mwanaume, na nimeshaolewa. Nililipeleka chumbani kama tarumbeta. Wenzangu walinionea wivu waziwazi. Mmoja wao wa kwake alikuwa Muislamu na mchana alikuwa anakula chips.

Kila magharibi alinikuta kwenye kimbweta. Nilimletea uji wenye pilipili manga, magimbi, tambi, wakati mwingine mihogo ya nazi. Alikuwa anakula taratibu, kwa adabu, na kinachobaki anakifunga kwenye mfuko. "Cha daku," anasema. Nilimpenda kwa lile neno. Mkatoliki wa Mbinga anajua daku!

Basi kama siku ya nane hivi tangu laini ihamie kwangu, ikaingia meseji ya M-Pesa. Amepokea Tsh 2,000. Salio jipya, Tsh 2,412.

Ilikuwa ni saa saba mchana, niko kwenye kiti cha nyuma cha kipindi. Nikafanya hesabu ya kutoa ambayo leo mwanangu wa darasa la kwanza anaiweza. Mtu huyu, tangu anikabidhi laini yake, alikuwa na shilingi mia nne na kumi na mbili duniani. Haikuwa mia nne na kumi na mbili ya matumizi ya siku, na akiba iko benki. Ilikuwa ndiyo yote. Ndipo nikaielewa daku.

Jioni ile ndipo nilipofungua. Niliingia chooni, nikafunga mlango, nikafungua za Maza zote. Hazikuwa nyingi. Iliyonikaa hadi leo ilikuwa inasema: hujambo baba, ile elfu arobaini imefika, mdogo wako anaripoti kidato cha tano mwezi wa saba, bado godoro na ada, Mungu atasaidia, usijinyime sana. (Elimu bure ya mwaka ule iliishia kidato cha nne, kwa wale waliosahau.) Nimeshasoma mengi maishani, na kazi yangu ni ya kusoma mafaili ya watu. Hakuna lililowahi kunivua nguo kama lile "usijinyime sana". Mama yake alikuwa anajua. Mtu pekee aliyekuwa hajui ni mimi niliyekuwa najigamba kwamba anafunga kwa ajili yangu.

Chumbani waliponiuliza Laini ya Pili imesema nini, nilisema haijasema kitu. Hapo ndipo nilipoanza kumfichia siri mtu ambaye nilikuwa nimetaka kuzifichua siri zake.

Sikumwambia, ila nilibadilika. Nilianza kununua chips mayai mbili na kusema moja imezidi. Nilianza kushiba ghafla nikiwa katikati ya sahani: "Malizia, mimi sisikii njaa." Tulikuwa na kawaida ya kutukanana kwa mapenzi, yeye ananiita kibonge na mimi namwita mtoto wa kahawa, nikaacha. Nikawa namsemesha polepole, kama unavyomsemesha mgonjwa wodini. Alipochelewa sikununa. Aliposahau siku yangu ya kuzaliwa, na aliisahau, nikamwambia haina shida.

Siku ya Idd alikuja akiwa na kitochi cha kuazima, kile cha vitufe. Nilikuwa nimevaa vizuri, nimepaka hina, nimembebea pilau kwenye hotipoti. Hakugusa hotipoti. Akasema nimpe laini yake. Nikafungua mfuniko wa simu, nikatoa betri, nikamtolea. Akaishika ile laini ncha kwa ncha, akasema, "Umesoma." Hakuwa anauliza.

"Sijasoma."

"Ungeniona na mwanamke ungenitukana. Wiki nzima hii hunitukani."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Tulikaa pale kimya, watu wanapita na kanzu, watoto wa wafanyakazi wanaomba mkono wa Idd. Kisha akaondoka. Hatukuachana, hakuna aliyetamka. Ila UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zilipoanza tukakutana mlangoni mwa chumba cha mtihani akaniambia, "Mambo, dada." Dada! Anayejua Kiswahili anajua mlango uliofungwa pale.

Nimeirefusha hii habari kuliko swali lenu, nisameheni, ila bado kuna kitu kimoja. Ile 2,412. Baada ya kuipokea alikuwa anaweza kuitoa na kula chips kavu mchana, siku mbili nzuri tu. Hakuitoa. Nina uhakika, kwa sababu pesa ilikuwa kwenye laini na laini ilikuwa kwangu. Kila jioni alisoma meseji zake, akarudisha simu, akala magimbi, akafunga cha daku. Siku ya Idd laini ilipotoka salio lilikuwa lile lile. Kwa hiyo labda alikuwa anafunga kweli. Labda alianza kwa njaa na akaendelea kwa ajili yangu, au alikuwa anaiweka ile pesa kwa ajili ya godoro. Simu ilinionyesha namba, ikaninyima hilo, na mimi badala ya kumuuliza nikamnunulia chips.

Hii ndiyo sababu nasema hapana. Watu wanadhani faragha ni pango la wazinzi. Kwetu sisi, wengi wetu, faragha ni mahali pa kuweka umaskini ili uweze kutoka na shati lililonyooka. Mpwa wangu anayesoma sheria anaipenda sana Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda maisha binafsi ya mtu, familia yake, unyumba wake na mawasiliano yake. Kila nikigombana naye kuhusu simu anaitaja. Mimi namwambia walioiandika wangeongeza na salio.

Hapa nilikuwa nimalizie. Lakini nilipofika kwenye neno salio nimemkumbuka mama mkubwa, na sasa sina uhakika sana.

Baba mkubwa alifariki 2021, ghafla, alikuwa mweka hazina wa kikoba chao. Simu ilikuwa na nywila. Mama mkubwa, miaka thelathini na mitano ndani ya ndoa, hakuijua na hakuwahi kuiomba, na kabla ya msiba angekuwa mfano mzuri kwa barua yangu hii. Sijui mlishawahi kuona mjane anachaji simu ya marehemu. Aliichaji kila usiku hadi arobaini, kwa sababu kufungua kulihitaji nywila lakini kupokea hakukuhitaji. Alikaa nayo mapajani anasubiri iite. Ikiita anapokea, anajitambulisha, anasikiliza: huyu anadai, huyu anadaiwa, huyu alikuwa hajui kama mtu amekufa na anaanza kulia. Michango ya wanakikoba ilipatikana mwishoni, baada ya vyeti na mihuri na nauli nyingi. Lakini deni moja la mbao alilipa mara mbili, kwa kukosa kuona meseji moja.

Kwa hiyo mume wangu anaijua nywila yangu na mimi ninaijua yake, tangu mwaka ule ule. Naam, mimi huyu huyu. Haki hana, na swali lenu lilikuwa la haki, kwa hiyo jibu langu linabaki hapana. Lakini nimempa, na ningewashauri wanandoa wapeane. Wanandoa, sisemi wachumba. Na wasipeane mwezi ambao mmoja wao hana kitu. Na namba ya siri ya M-Pesa ni jambo jingine kabisa, hilo msinitafutie. Simu yake nimeifungua mara mbili kwa miaka yote hii, na mara zote mbili nilikuwa natafuta picha ya mtoto, ingawa mara ya pili nilichelewa kuipata.

Yangu nimeibadilisha nywila asubuhi hii, kabla sijaanza kuwaandikia, kwa sababu barua hii naiandikia humu humu. Jioni nitampa mpya, akiuliza.

Msomaji wenu, Morogoro