Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Bure kwa Anayejiunga na Chuo

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Australia kwa viza ya kudumu ya kibinadamu. Wakala wa chuo kimoja cha ufundi alinibishia hodi nyumbani bila miadi, akaniahidi kompyuta mpakato ya bure iwapo ningejiandikisha siku hiyohiyo kusomea diploma kwa mkopo wa serikali. Jirani yangu amepewa na chuo kingine begi lenye nembo pamoja na punguzo la ada. Je, ni zawadi zipi zinazoruhusiwa?

JIBU: Punguzo la ada linaruhusiwa, na begi pia iwapo ni la bei ndogo, kompyuta hairuhusiwi. Sheria ya Mikopo ya Wanafunzi wa Ufundi ya mwaka 2016 inakikataza chuo kumpa au kumwahidi mtu manufaa yanayoelekea kumshawishi aombe mkopo huo, isipokuwa yale yanayohusu maudhui na ubora wa kozi, kiasi cha ada, kupatikana kwa mkopo wenyewe, na vifaa vya kujitangaza ambavyo jumla ya thamani yake kwa mtu mmoja haizidi dola 30.

Katazo hili halikuzuka hivihivi. Chini ya mpango uliotangulia, uitwao VET FEE-HELP, mawakala walikuwa wakigawa kompyuta na tableti kwa watu ambao baadhi yao hawakutambua kwamba wanatia saini deni, hadi zawadi za namna hiyo zilipopigwa marufuku mwezi Aprili 2015. Kuziita za bure, kwa maoni yangu, lilikuwa tusi, kwa kuwa chuo kililipwa ada na serikali ilhali deni lilibaki kwa mwanafunzi.

Kilichonishtua zaidi katika barua yako ni ile haraka. Kuwaendea watu wasiokualika ili kuwauzia kozi kwa kutumia mkopo huu kumekatazwa, na hata aliyejiandikisha kwa hiari yake hapaswi kuwasilisha ombi la mkopo kabla ya siku mbili za kazi kupita. Kama ulikwishatia saini, andikia chuo kwamba unajiondoa kabla ya tarehe inayoitwa siku ya sensa, ambayo chuo hulazimika kuitangaza, nawe hutadaiwa ada ya sehemu hiyo ya kozi. Chuo kikikataa, peleka malalamiko kwa Ombudsman wa serikali ya shirikisho, yaani ofisa huru anayechunguza malalamiko ya wananchi, ukiambatisha ujumbe wowote ambao wakala alikutumia.