Usisaini huo mpango wa dharura kabla hujazima umeme mwenyewe

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Nimesoma bandiko lako lote: umepewa kazi ya kuandaa mpango wa dharura wa kituo chenu cha afya, umepata mshauri atakayewakabidhi kitabu kilichokamilika, jenereta mnayo "kwa hiyo upande wa umeme hauna shida", na unachotaka kwetu ni kiolezo cha kulinganisha, idadi ya wajumbe wa kamati, kiasi cha maji ya akiba, namna ya kugawana majukumu na hospitali ya rufaa, na jinsi ya kuwafundisha watu wa kujitolea. Nitajibu nitakayoyakumbuka. Ila hiyo sentensi ya jenereta imenipandisha presha, maana niliwahi kuiandika mimi, karibu neno kwa neno, kwenye ripoti ambayo hadi leo nikiiona kwenye rafu nageuza uso.

Jenereta yetu iliwaka. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia mkasa wa umeme wanasubiri pale jenereta inapogoma. Yetu haikugoma. Usiku wa dhoruba umeme ulikatika, jenereta ikanguruma, taa zikarudi, tukashusha pumzi, mlinzi aliyeiwasha akapongezwa kama bwana harusi. Friji ya chanjo ilikuwa imezima na hakuna aliyejua.

Ilikuwaje? Chumba cha chanjo kilikuwa kimepakwa rangi muda fulani nyuma. Mafundi wakaisogeza friji ukuta wa pili, wakaichomeka kwenye soketi iliyokuwa karibu. Soketi ile haikuwa kwenye laini ya jenereta. Siku za kawaida soketi zote zina umeme, sasa utaijua ipi ni ipi? Kilichokuwa kwenye laini ya dharura ni kompyuta ya masijala na mashine ya kudurufu. Kwa hiyo dunia ingeisha usiku ule, fomu tungedurufu vizuri sana.

Na hapo bado sijafika kwenye kosa lenyewe.

Friji yetu ilikuwa ya zile zenye ukuta wa barafu ndani, zilizotengenezwa kwa ajili ya chanjo. Friji ya aina hiyo, ili ikidhi viwango vya Shirika la Afya Duniani, inatakiwa ihifadhi baridi kwa saa zisizopungua 20 bila umeme hata joto la nje likiwa nyuzi 43, mradi mlango haufunguliwi. Tulipogundua, ilikuwa haijamaliza hata usiku mmoja. Tungebandika karatasi mlangoni, "USIFUNGUE", tukavuta waya wa kuongezea kutoka soketi yenye umeme, kisa kingekwisha na nisingekuwa hapa nakuandikia gazeti.

Lakini tulikuwa na mpango! Mpango wenye jalada la rangi. Na mpango ulisema, nanukuu kwa kichwa maana uliniingia hadi kwenye mifupa: friji ikipoteza umeme, chanjo zihamishiwe mara moja kwenye masanduku ya baridi yenye barafu. Nukta. Muuguzi anayesimamia chanjo alikuwa likizo. Walio zamu wakafanya kile watu waadilifu hufanya, wakafuata maandishi. Wakatoa pakiti za barafu kwenye friza zikiwa ngumu kama mawe, wakazipanga ndani ya sanduku, wakalaza vichupa katikati, wakafunga. Mimi nikapigiwa simu, nikasema safi sana, fuateni mpango.

Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Wengi tumekaririshwa kuogopa joto tu. Polio ya matone na surua zinaogopa joto kweli, ila kuganda haziogopi. Pepopunda, homa ya ini aina ya B, ile ya magonjwa matano kwa pamoja, ya nimonia, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, hizi zikiganda mara moja zimekwisha kazi. Zikiyeyuka zinarudi kuwa majimaji, kwa hiyo mtu asiyejua anazichukulia nzima. Pakiti ya barafu iliyotoka tu kwenye friza iko chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, na kichupa kilichogusana nayo hakina pa kukimbilia. Ndiyo maana barafu huachwa nje kwanza mpaka ianze kuyeyuka, ukiitikisa usikie kipande kinacheza ndani ya maji, ndipo upakie. Kila mtu wa chanjo anajua hili. Aliyeandika mpango wetu hakulijua.

Halafu kuna ule mraba mdogo ndani ya duara kwenye kichupa, VVM. Asubuhi tuliuangalia, ukawa mweupe kabisa, tukasema Mungu mkubwa. Mkuu, VVM inapima joto lililojikusanya. Kuganda haikuambii lolote. Kichupa kilichoganda na kuharibika kitakuonyesha mraba mweupe msafi, nawe utakishukuru.

Basi kliniki ya watoto ikaendelea kama kawaida.

Muuguzi aliporudi likizo swali lake la kwanza lilikuwa kile kifaa kidogo cha kuonyesha kuganda kiko wapi, kile ambacho joto likishuka chini ya nyuzi -0.5 kwa saa nzima alama yake inageuka kuwa mkasi, yaani X. Kilikuwa ndani ya sanduku, kimepangwa pamoja na vichupa kwa unadhifu mkubwa. Mkasi. Akafanya jaribio la kutikisa: unagandisha kwa makusudi kichupa kimoja cha aina na toleo lile lile, unakiyeyusha, unakitikisa pamoja na kile unachokishuku, unaviweka mezani na kuangalia mashapo yanavyotua. Yalitua kwa kasi ile ile, maana yake vyetu navyo vilikuwa vimeganda. Hakusema kitu, alikaa tu.

Kilichofuata ni kufungua daftari na kuwatafuta wazazi mmoja mmoja. Thamani ya chanjo zilizotupwa niliweza kuieleza kwenye ripoti. Kumweleza mama kwamba sindano aliyoshuhudia mwanawe akiilia yawezekana haikumlinda na anatakiwa achomwe tena, hiyo sikuweza kuieleza vizuri hata mara moja. Wengine walielewa. Wengine hawakurudi, na siwalaumu. Kuna aliyeniuliza kama chanjo za nyuma nazo zilikuwa hivyo hivyo. Nilimwambia hapana, na ni kweli, lakini nilimwona usoni kwamba hanisadiki.

Sasa mshauri wetu. Alikuja na koti, akakaa nasi nusu siku, akauliza tuna wafanyakazi wangapi, akaenda. Kitabu kilipofika kilikuwa na maelekezo ya kuhamisha wagonjwa wa ghorofa ya tatu. Kituo chetu hakina ghorofa. Kulikuwa na ukurasa uliobaki na jina la kituo kingine kabisa, yaani mtu alinakili akabandika hata jina hakufuta. Mimi nilicheka, nikalifuta kwa kalamu nyeupe, nikasaini. Sawa, nicheke. Nina hata picha nimekishika kile kitabu nikitabasamu, na sitaibandika humu. Nilipompigia baada ya mkasa, aliniambia mpango ni "waraka hai" unaotakiwa kuboreshwa na mteja. Hai! Huo wa kwake ulizaliwa maiti, nasi tukaulipia. Ukitaka kujua kama mshauri wako ni jamaa wa wangu, muulize friji ya chanjo iko soketi ipi. Asipoinuka kitini kwenda kuangalia, umeshamjua.

Hili ndilo ninalotaka ulishike, mengine yote unaweza kuyasahau: zimeni swichi kuu wenyewe, siku ya kazi ya kawaida, na aliyeandika mpango akae kwenye kiti asiseme neno. Hata akiona mtu anakosea, amwache akosee, aandike. Ukianza kuelekeza ("hapana, tochi ziko droo ya chini") umeshaujaribu ubongo wako, na usiku wa dhoruba ubongo wako utakuwa nyumbani umelala.

Kabla hamjazima, kama kuna mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni, mtungi uliojaa uwe pembeni yake, umeshafungwa regyuleta na kujaribiwa. Kama kuna mama anayejifungua, ahirisheni. Friji ya chanjo wekeni kipimajoto ndani na mlango usiguswe. Hospitali mnayopelekea rufaa iwe na habari. Hayo ni ya lazima, sitaki mtu arudi hapa kusema fulani wa jukwaani alituambia tuzime tu.

Tulipozima mara ya kwanza baada ya mkasa, aibu zilitiririka. Funguo za chumba cha jenereta alikuwa nazo mtu mmoja, naye alikuwa nje. Betri ya kuwashia ilikuwa imelegea, siku ile iliwaka kwa huruma tu. Mafuta yalikuwa ya kale, hakuna anayekumbuka yalinunuliwa lini. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi haikuwa kwenye laini ya dharura. Nusu ya namba za simu kwenye mpango hazipatikani. Na dada mmoja wa mapokezi, ambaye hakuna aliyewahi kumuita kwenye kikao cha kamati, ndiye alikuwa anajua swichi ya kubadilishia umeme inageuzwa upande gani. Yote hayo tuliyapata kabla ya chakula cha mchana, bure. Kuna kanuni ya Marekani ya jenereta za dharura, NFPA 110, inayotaka iwashwe kila mwezi kwa dakika 30 ikiwa na mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Ifuate hiyo, ni nzuri kwa injini. Ila sisi jenereta tulikuwa tunaiwasha! Kila mwisho wa mwezi mlinzi anaiwasha, inanguruma, anaandika "nzuri" kwenye daftari. Soketi haikuwahi kuulizwa.

Usidhani ni ushamba wa vituo vidogo. Kimbunga Sandy kilipopiga New York mwaka 2012, hospitali ya Bellevue ilikuwa na jenereta ghorofa ya 13, juu sana, maji hayafiki. Pampu za kupandisha mafuta zilikuwa chini ya jengo, zikazama. Watu wakabeba mafuta kwa mikono kupanda ngazi, na mwishowe wagonjwa wakahamishwa. Hospitali kubwa ya jirani, NYU Langone, ilihamisha wagonjwa zaidi ya 300 usiku ule ule, wakiwemo vichanga 20 kutoka chumba cha uangalizi maalumu. Hao walikuwa na bajeti ambayo mimi na wewe tutaiota tu.

Haya, maswali yako. Maji: viwango vya Shirika la Afya Duniani ni lita 5 kwa mgonjwa wa nje kila anapohudumiwa, lita 40 hadi 60 kwa aliyelazwa kwa siku, na lita 100 kwa kila anayejifungua au kufanyiwa upasuaji. Zidisha kwa wagonjwa wenu na siku mnazotaka kujitegemea. Utastuka, halafu utaenda kuangalia tangi lenu na kustuka tena.

Jambo ambalo hukuuliza na ungepaswa: wagonjwa wenu wa sukari, presha, kifua kikuu, wanaotumia ARV. Dhoruba ikikata barabara, hao ndio watakaokufa kimya kimya wakati sisi tunahangaika na majeruhi. Puerto Rico baada ya kimbunga Maria mwaka 2017, hadi mwisho wa mwaka ule serikali ilikuwa imetangaza vifo 64, na mwaka uliofuata ikakubali 2,975. Umeme na huduma vilikaa miezi bila kurudi. Orodha ya wagonjwa wa kudumu iwe kwenye karatasi, si kwenye kompyuta peke yake, na msimu wa hatari ukikaribia wapewe dawa za ziada.

Idadi ya wajumbe wa kamati sijali, wekeni wangapi mnavyotaka, mradi mmoja awe mlinzi wa usiku na mwingine mfanya usafi. Hao ndio hukuta kila kitu kikiwa kimeharibika kabla yetu. Kiolezo chukua chochote, vyote vinafanana. Kwenye ukurasa wa friji futa kilichoandikwa, mpe muuguzi wa chanjo kalamu, aandike kwa maneno yake nani afanye nini umeme ukikatika yeye akiwa hayupo, halafu karatasi hiyo ibandikwe mlangoni mwa friji, isikae ndani ya kitabu.

Kulikuwa na jambo jingine uliuliza, la hospitali ya rufaa au la watu wa kujitolea, waliopo watakujibu. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu: mmeshalipa malipo ya awali kwa huyo mshauri au bado? Kama bado, mwandikie kwenye mkataba kwamba sehemu ya mwisho ya fedha ataipata siku mtakayozima umeme, naye akiwepo, ameketi, mdomo umefungwa.