Maswali ya Wasomaji: Injini Isiyowaka na Mabingwa wa Injini Ndogo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkereza vyuma wa hapa Tanga, na jioni, nikishamaliza kazi za watu, huwasha mashine yangu ndogo ya kukereza nyumbani kwa ajili ya kuiburudisha nafsi. Nimewaona mabingwa wa Ulaya wanaounda injini za silinda kumi na mbili zinazoenea kiganjani, nami nawahusudu kwa moyo mweupe. Injini yangu ya kwanza, ya petroli, yenye silinda moja na mipigo minne (yaani pistoni hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mwako), niliimaliza baada ya miezi tisa, lakini haijapata kuwaka hata mara moja. Je, niendelee kuwatazama mabingwa hao, au wananivunja moyo bure? Na kosa langu liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, endelea kuwatazama, ila usiishie kwenye mng'aro wa injini iliyokamilika, kwa maana huo haumfundishi fundi mengi. Tazama hesabu yake. José Manuel Hermo Barreiro wa Hispania, fundi mitambo mstaafu anayejulikana zaidi kwa jina la Patelo, aliunda injini ya silinda kumi na mbili ambayo kila silinda ina kipenyo cha milimita 11.3 na pistoni husafiri milimita 10, ujazo ambao ni sentimita moja ya ujazo kwa kila silinda. Ina vipande 261 na skrubu 222, na ilimchukua zaidi ya saa 1,220. Gawa saa kwa vipande, utapata zaidi ya saa nne na nusu kwa kila kipande. Mimi naona jambo la kuhusudu liko hapo, na unaweza kulipima kwa kuhesabu ni saa ngapi ulizitumia kwenye pistoni yako peke yake.

Yafaa ujue pia kwamba injini hiyo ya Patelo huendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, wala haichomi petroli. Wewe umeanza na lililo gumu zaidi. Ukipunguza vipimo vyote vya injini mara kumi, eneo la kuta za silinda hupungua mara mia, lakini ujazo wake hupungua mara elfu, kwa hiyo ule moto mdogo uliomo ndani unazungukwa na chuma kingi mno kinachounyonya joto. Mwanya nao haukuhurumii: nafasi ileile kati ya pistoni na silinda ambayo injini ya pikipiki ingeivumilia, katika silinda ndogo humaliza mgandamizo, yaani kubanwa kwa mchanganyiko wa hewa na petroli, kabla cheche haijaruka. Ndiyo maana namheshimu sana Mfaransa Pierre Scerri, aliyetumia miaka mingi kuunda gari la Ferrari 312 PB kwa kipimo cha theluthi moja, likiwa na injini yake ya silinda kumi na mbili inayowaka kwa petroli na kunguruma.

Yupo pia Cherry Hill wa Uingereza, ambaye mimi humweka mbele ya wote. Alishinda mara tisa kombe la Duke of Edinburgh la waundaji wa mifano ya mitambo, na kazi zake nyingi ni injini za mvuke za barabarani, zilizoundwa kwa kipimo cha 1 kwa 16. Alizipeleka kwenye Taasisi ya Wahandisi Mitambo, London, ambako huonyeshwa.

Sasa turudi kwenye injini yako, ambayo nadhani inavuja. Ipandishe pistoni hadi juu, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, zuia gurudumu lisizunguke, kisha toa plagi, ile itoayo cheche, na upulize hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli kupitia tundu lake, ukitega sikio. Pumzi ikisikika kwenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa, valvu ya kuingiza haikai sawasawa. Ikisikika kwenye ekzosi, mwenye kosa ni valvu ya kutoa. Na ikitokea chini, kwenye nyumba ya krenki, yaani kasha la mhimili unaozungushwa na pistoni, tatizo ni pistoni, ringi zake au silinda yenyewe. Valvu inayovuja isage kwenye kiti chake kwa dawa laini ya kusagia, mpaka uone duara moja la kijivu lisilokatika. Ikiwa ni silinda, usiitie tupa wala msasa wa mkono, kwani utaiharibu umbo. Kereza kijiti cha shaba nyeupe au aluminiamu kinachoingia kwa kubana kidogo, kipake dawa hiyohiyo, ukizungushe huku ukikipeleka mbele na nyuma mwendo mmoja, kisha osha silinda kwa mafuta ya taa kabla ya kupima, kwa kuwa punje moja ya dawa iliyobaki itaendelea kuisaga pistoni kila utakapoizungusha.