Mota ya msumeno wa meza: soma kibati kabla ya kutoa pesa

Mota ya msumeno wangu wa meza iliungua nikipasua mninga. Nilipoifungua nikakuta unga wa mbao umeshindiliwa kati ya waya kama pamba kwenye mto. Nikaenda dukani na neno moja tu: nataka mota yenye nguvu ya hospawa 3. Nikapewa.

Nyumbani puli ya zamani, lile gurudumu la kuvuta mkanda, ikakataa kuingia kwenye shafti, yaani mhimili wa mota. Shafti ya zamani ilikuwa milimita 24, hii mpya 28. Badala ya kujiuliza kwa nini, nikampelekea fundi wa leti akapanua tundu. Siku ya kwanza mbao ikatoka na ubavu mweusi, moshi unafuka, diski inakwama kila inapogusa kifundo.

Ndipo nikasoma vibati vyote viwili, vile vya maelezo vilivyobandikwa kwenye mota. Ya zamani: mizunguko 2,850 kwa dakika. Mpya: 1,440. Nguvu ileile, mwendo nusu. Kwa puli ya inchi 4 kwenye mota na ya inchi 3 kwenye shafti ya diski, zamani diski ilizunguka mara 3,800 kwa dakika, sasa 1,920. Kurudisha mwendo kungehitaji puli ya inchi 8, na chini ya meza yangu haienei. Nikanunua mota nyingine, na puli nyingine pia.

Kwa hiyo, ndugu fundi, piga picha kibati cha zamani, nenda na puli mkononi. Mota nyingi siku hizi zimeandikwa kilowati: hospawa 3 ni kama 2.2. Chagua iliyofungwa mwili mzima, feni ikiwa nje, maana ile yenye matundu hunyonya unga. Kama karakana ina umeme wa njia tatu (fezi tatu), chukua ya njia tatu. Inaanza kwa nguvu na haina kapasita (kile kikopo cha kusaidia mota kuanza) ya kuungua. Mtumba wa Marekani uangalie sana: iliyotengenezwa kwa umeme wa hezi 60 pekee (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), kwenye hezi 50 zetu mwendo hupungua kwa sehemu moja ya sita na inapata joto kupita kiasi, hata kama volti umezipatia.

Ukishafunga, iwashe kwanza bila diski. Shafti ikizunguka kinyume kwenye njia tatu, zima umeme kwenye swichi kuu, badilishanisha nyaya mbili kati ya zile tatu, kisha jaribu tena.